Umefunga LED kwenye lori, mbona bado unapigiwa fulu?

Malalamiko mengi huanzia ukitoka Arusha ukishapita Tengeru. Kutoka Sakina mpaka hapo barabara ni njia nne, wanaokuja wako upande wao, hamsumbuani. Ukivuka tu, njia inabaki moja ya kwenda na kurudi: Usa River, King'ori, Boma Ng'ombe, na kila gari linalokuja linakupigia fulu. Unagusa swichi kuhakikisha. Uko dimu. Wa pili naye anapiga. Wa tatu hapigi tena, anawasha zake zote na kuziacha hivyo hivyo, mnapishana kila mmoja amefumba jicho moja.

Kesho yake dereva anafika gereji kwetu mtaa wa Unga Limited na maneno yale yale: "Fundi, nimefunga taa mpya, zinawaka mpaka naona sisimizi, ila watu hawanielewi barabarani."

"Kaka, liache gari hapa mpaka giza liingie. Tutalimulikia ukuta."

Wengi hawapendi jibu hilo. Wanataka balbu nyingine, kali zaidi au hafifu zaidi. Lakini kinachochoma macho ya mwenzako mara nyingi si ukali wa mwanga, ni mahali mwanga unapotokea. Taa ya lori lako ilichorwa kuuzunguka uzi wa balbu ya halojeni, uzi mfupi, mwembamba, uliokaa sehemu moja tu. Rifleta, kile kibakuli king'aavu kilicho nyuma yake, inategemea mwanga utoke pale pale. Ukiweka LED ambayo chipu zake (vile vidoa vinavyotoa mwanga) zimekaa milimita mbili nyuma, au zimezunguka kidogo, rifleta haina habari ya mabadiliko hayo. Inarusha mwanga kama ilivyozoea, na sehemu ya mwanga huo inapanda juu. Ndiyo maana LED hafifu ya bei rahisi inaweza kupofusha watu kuliko halojeni kali.

Na kuhusu ukali, namba za kwenye boksi zimetiwa chumvi. Halojeni ya H4 ya volti 24, ile ya miguu mitatu, ni wati 75 kwa fulu na 70 kwa dimu, na kiwango chake ni lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,900 na 1,200. LED nyeupe nzuri hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Basi balbu inayokula wati 30 haiwezi kufika hata lumeni 5,000, hata boksi likiandikwa 20,000 kwa maandishi ya dhahabu.

Uulize ukuta kwanza

Tafuta mahali tambarare penye ukuta mpana: ukuta wa godauni, au uzio wa gereji. Matairi yawe na upepo wa kawaida, lori liwe na mzigo kama wa safari, na mtu akae kwenye kiti cha dereva. Simamisha gari taa zikiwa mita 10 kutoka ukutani. Nafasi ikibana, mita 5.

Pima kimo kutoka ardhini hadi katikati ya taa. Tuseme ni sentimita 95. Chora kwa chaki mstari ukutani kwenye kimo hicho hicho, halafu mwingine chini yake: sentimita 15 chini kama uko mita 10, sentimita 7.5 kama uko mita 5. Huo wa chini ndio mpaka wa dimu. Mteremko huo ni asilimia 1.5. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa inataka asilimia 1 hadi 1.5 kwa taa zilizo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini, na 1.5 hadi 2 kwa zilizozidi mita 1. Zilizo katikati, mtengenezaji anachagua mojawapo. Kama gari lina kibandiko chenye asilimia karibu na taa au kwenye boneti, fuata hicho.

Sasa inakuja hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Toa LED upande mmoja, rudisha halojeni ya zamani. Ziba taa moja kwa kipande cha boksi, angalia nyingine, kisha badilisha. Halojeni ndiyo mwalimu hapa. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, dimu nzima huchora ukutani umbo hili: upande wa kulia mwanga umekatika kwa mstari mlalo, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo kama kilima, ili umulike ukingo wa barabara walipo waenda kwa miguu, baiskeli na ng'ombe.

Halojeni ikichora vizuri na LED ikamwaga mwanga juu ya mstari, shida ni balbu au ilivyofungwa. Zote mbili zikichora sawa lakini juu ya chaki, balbu haina kosa; rekebisha skrubu za taa au fikiria mzigo. Zote zikitapakaa bila mstari wowote, kagua kioo na rifleta. Na zote zikichora kilima upande wa kulia, pole sana, nitalifikia hilo.

"Niko dimu, wao wanaona fulu"

Tuseme ukuta umesema ni balbu. Usikimbilie kuitupa.

Ichukue halojeni ya H4 uiangalie kwa karibu. Ndani ina nyuzi mbili, na ule wa dimu umelalia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya rifleta. Mwanga wa dimu unapiga nusu ya juu peke yake, na nusu ya juu inaurusha chini barabarani. Nusu ya chini ikipata mwanga huo, itaurusha juu. Basi LED ya H4 isiyo na kikombe, au yenye kikombe kilichogeuka upande, inafanya kazi ya fulu ukiwa dimu. Hakuna skrubu ya kutibu hilo. Ukishusha taa ili wenzako wapone, wewe ndiye utakayekuwa kipofu.

Chipu nazo zinatakiwa zitazame kushoto na kulia, kama mikono ya mtu aliyeinyoosha pembeni. Mara nyingi nafungua mpira unaoziba nyuma ya taa nakuta zinatazama juu na chini. LED nyingi zina kola (pete inayoshikilia balbu kwenye taa) inayozungushwa: legeza kaskrubu kadogo, geuza mpaka kikombe kiwe chini na chipu ziwe pembeni, kaza. Fanya hivyo dimu ikiwa inawaka, utaona mstari ukijichora ukutani mbele ya macho yako, halafu ukipitiliza kidogo unapotea. Digrii tano tu za mzunguko zinabadilisha kila kitu. Kwa H7, ile balbu ya uzi mmoja, kanuni ni hiyo hiyo ya kushoto na kulia, ingawa yenyewe haina kikombe.

Kingine ni ukaaji. Kola ya LED ikiwa nene kuliko ya halojeni, klipu ya waya haifungi mpaka mwisho, na balbu inabaki imerudi nyuma au imeinama. Itikise kwa vidole. Ikicheza, haijakaa. Nimekuta balbu zimezungushiwa mpira wa tyubu ili zisicheze, na fundi aliyefanya hivyo alidhani amesaidia.

Kama umegeuza, umekalisha, na bado mwanga unamwagika, balbu yenyewe ndiyo mbaya. Ilinganishe na halojeni ukizisimamisha bega kwa bega kwenye kola: chipu za dimu zinatakiwa zilingane na ulipo uzi wa dimu, kwa kimo na kwa urefu. Ubao unaobeba chipu ukiwa mnene kama kidole, chipu za pande mbili zimeachana mno kuweza kuigiza uzi mmoja. Dukani ukinunua, nenda na halojeni mfukoni uzilinganishe kaunta. Muuzaji akikasirika, duka linalofuata haliko mbali.

"Nikiwa tupu hakuna neno, nikipakia ndiyo vita"

Hapa LED inaonewa. Shida ilikuwepo tangu enzi za halojeni, ila mwanga wa njano watu walikuwa wanauvumilia.

Chukua Fuso ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 4.5. Umepakia vitunguu vya Mang'ola mpaka springi za nyuma zimeshuka sentimita 9 kuliko za mbele. Sentimita 9 kwa 450 ni asilimia 2: pua imenyanyuka kiasi hicho. Ulikuwa umeteremsha taa asilimia 1.5 gari likiwa tupu. Sasa mstari wa dimu hauteremki tena, unapanda kwa nusu asilimia. Taa iko sentimita 95, kwa hiyo mita 50 mbele mstari umefika sentimita 120. Dereva wa gari dogo ana macho kwenye kimo cha mita 1 na kidogo. Umemlenga usoni.

Angalia kwanza kama dashibodi ina kigurudumu kilichoandikwa 0, 1, 2, 3. Magari mengi yanacho na madereva wengi hawajawahi kukigusa. 0 ni gari tupu. Kadiri unavyopakia unapandisha namba na taa zinashuka. Washa dimu mbele ya ukuta, kizungushe, uone kama mstari unatembea. Usipotembea, mota yake imekufa au waya umekatwa, na kwenye malori yaliyokuja yameshatumika hilo ni jambo la kawaida.

Kama gari halina kigurudumu, rekebisha taa likiwa na mzigo wako wa kawaida. Hasara yake ujue: Fuso ile ile ikirudi tupu itakuwa imeteremsha asilimia 3.5, na mwanga utagonga lami mita 27 tu mbele. Mwendo wa kurudi tupu usiku inabidi uwe wa adabu. Mimi kwa wateja wa aina hii huwa nalenga katikati kidogo, upande wa mzigo zaidi kuliko wa tupu, kwa sababu mzigo ndio unaosafiri usiku.

"Nimefanya yote hayo, bado"

Chukua tochi, futa kioo cha taa, soma maandishi yake. Utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 5 Uswidi, 11 Uingereza. Karibu yake kuna herufi kama HC, HR au HCR. C ni dimu, R ni fulu, na H ni halojeni, maana yake taa iliidhinishwa kwa balbu ya halojeni. Hata Ujerumani, wenye kanuni kali, walianza kuruhusu baadhi ya LED za kubadilishia mwaka 2020, tena kwa orodha ya magari yaliyopimwa, si kila gari.

Ila unachokitafuta kwa makini ni mshale. Taa ya nchi zinazoendesha kushoto ina mshale mlalo unaoelekea mkono wako wa kulia ukiwa umesimama mbele ya taa ukiitazama, yaani upande wa kushoto wa gari. Mshale wenye vichwa viwili, taa inafaa kote na ina namna ya kugeuzwa, mara nyingi kijiti kidogo nyuma yake. Taa yenye E lakini bila mshale kabisa ni ya nchi zinazoendesha kulia.

Sasa fikiria lori lililotoka Uholanzi au Ujerumani. Usukani unaweza kuhamishwa, taa zikasahaulika. Kile kilima cha mwanga kiko kulia, kikimpandia kila anayekuja, na ukingo wako wa kushoto uko gizani. Malori ya Japani na Uingereza hayana shida hii, wao ni kushoto kama sisi. Balbu gani itaponya? Hakuna. Unatafuta kwenye spea taa za nchi zinazoendesha kushoto, jozi nzima. Ulaya, madereva wanaovuka kwenda Uingereza hubandika vipande vya plastiki kwenye kioo kwa siku chache. Hiyo ni dawa ya safari, si ya maisha.

Kioo kilichopauka nacho kinatawanya mwanga. Cha plastiki kikiwa cha njano kinasuguliwa kwa msasa laini wa maji kisha polishi. Rifleta iliyobabuka ung'aro wake haitengenezeki, badilisha. Na tafadhali usiisugue kwa kitambaa kikavu, ule ung'aro ni utando mwembamba tu, utabaki na plastiki mkononi.

"Mbele pameng'aa kama mchana, mbali sioni"

Mwanga mwingi umemwagika mita 10 au 15 mbele ya bampa. Jicho linazoea ule weupe, mboni inajifinya, na kilichoko mita 80 kinazama gizani. Dereva anasema taa ni kali sana, halafu anashtukia bodaboda isiyo na taa ikiwa imeshafika. Chanzo ni kimoja kati ya viwili: taa zimeshushwa mno na mtu aliyetaka kukomesha kelele za kupigiwa fulu, au chipu haziko mahali pake na mwanga haukusanyiki. Rudi ukutani.

Hapa niseme ninachoamini, ingawa kinanikosesha mauzo: malori mengi yanayoletwa kufungwa LED yana njaa ya umeme tu. Mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi volti zikipungua. Ukipoteza asilimia 10 ya volti njiani, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Pima kwa mita kwenye soketi ya taa, injini ikiwaka na taa zikiwaka, kisha pima kwenye betri. Betri 27.8 na soketi 24.5? Waya zimechoka, au ethi (waya wa hasi unaoshikizwa kwenye chuma cha gari) ina kutu, au umeme wote unapita kwenye swichi ya usukani. Funga rilei mbili (swichi za umeme zinazobeba mzigo badala ya ile ya usukani), vuta waya mnene kutoka kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, safisha ethi mpaka chuma king'ae. Halojeni mpya kwenye mfumo huo huwa inawashangaza wenyewe, na mstari wake ukutani ni ule ule wa kiwandani.

Zikiwaka zinavyotaka zenyewe

Haya ni ya umeme, hayachoshi. LED iliyokufa siku ya kwanza, mara nyingi ni ya volti 12 kwenye gari la 24. Soma mwilini mwa balbu: iandikwe 24, au kiwango cha juu kinachozidi 28, maana alternata ikichaji inafika huko. Usikubali ushauri wa kuchukua umeme wa betri moja kati ya mbili ili upate 12. Hiyo moja itakuwa inashinda na njaa, mwenzake inavimbiwa, na utanunua zote mbili mapema.

Dimu na fulu zikichanganyana, au ile taa ya bluu ya dashibodi ikigoma au kuwaka muda wote, shuku nyaya. Magari mengi ya Japani hukata taa kwa upande wa ethi: mguu wa pamoja wa soketi una umeme wa chanya. Pima uone. LED ambayo haikutengenezewa mfumo huo itachanganyikiwa. Kuna kiunganishi cha kugeuza, au nunua LED isiyobagua. Na ikiwasha dimu na fulu kwa pamoja ukiwa dimu, ndiyo sababu nyingine ya kupigiwa fulu.

Zinapepesa kwenye lori jipya la Ulaya, au dashibodi inasema balbu imeungua? Kompyuta ya gari inapima mkondo, na LED inakula kidogo. Rezista, kifaa kidogo cha kuongeza ulaji wa umeme, inatibu, lakini inachemka kweli kweli. Ifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na nyaya.

Inawaka vizuri kisha inafifia baada ya robo saa: joto. Chipu hazichomi mbele kama uzi, zinachomea nyuma kwenye kitako. Kafeni kakijaa vumbi kanasimama. Usifunge mpira wa nyuma ukakabana na feni, ila pia usiuache wazi, kwa sababu vumbi na maji ya mvua vitaingia kwenye rifleta. Ukiona umande ndani ya kioo asubuhi, anza na mpira huo.

Redio ikianza kukoroma ukiwasha taa na kunyamaza ukizima, ni kile kiboksi cha LED kinachopiga kelele za mawimbi. Kisogeze mbali na waya wa antena. Isiposaidia, balbu ni ya hovyo.

Mvua na ukungu

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin: 6,000 na kuendelea ni nyeupe inayoelekea bluu. Halojeni iko kama 3,200. Kwenye ukungu wa Julai ukipandisha Oldonyo Sambu kuelekea Namanga, ule weupe unakurudia machoni kama shuka lililotundikwa mbele. Ukiwa bado unachagua, chukua iliyo karibu na 4,300. Usiku wa ukungu baki dimu.

Halojeni mbili zilizotoka usizitupe. Zifunge kwenye kitambaa bila kugusa kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono yanazipasua zikipata moto, uziweke chini ya kiti. LED ikizima saa nane usiku kati ya Same na Hedaru haina wa kuitengeneza pale. Halojeni, utingo mwenye tochi ya simu anaibadilisha kwa dakika kumi.